Malipo ya Siku za Kuugua na Kodi ya Mshahara katika Masisi na Walikale

Mfanyakazi wa Masisi au Walikale, mashariki mwa Kongo, anayelazimika kuacha kazi kwa majuma au miezi kadhaa kwa sababu mwili hauwezi anaweza kupokea fedha zinazofanana kwa kiasi lakini zisizofanana mbele ya kodi, kwa kuwa sehemu moja ni ujira unaoendelea kulipwa na mwajiri na hutozwa kodi kama ujira mwingine wowote, ilhali sehemu nyingine ni fidia ya hifadhi ya jamii ambayo sheria imeiweka nje ya kodi. Tofauti hiyo haiko katika ukali wa ugonjwa wala katika urefu wa likizo, bali katika chanzo cha fedha na katika sheria inayomlazimisha mlipaji kuzitoa. Suala hili linaonekana dogo kwa anayelitazama kutoka Kinshasa, lakini kwa mtu anayeishi kwa thuluthi mbili za mshahara, makumi ya maelfu ya franga yaliyokatwa kimakosa ni bei ya dawa au ada ya shule ya mtoto.

Msingi wa kodi yenyewe uliwekwa na Amri-Sheria namba 69/009 ya tarehe 10 Februari 1969, iliyoyagawa mapato katika mafungu na kuliwekea kila fungu kodi yake, na fungu linalohusu mishahara ndilo lililozaa kodi ya kazi juu ya ujira, ambayo wahasibu na wafanyakazi wa Kongo huiita kwa herufi zake tatu, IPR. Kodi hii hukatwa kwenye chanzo, maana yake mwajiri huitoa kwenye mshahara kabla ya kumkabidhi mfanyakazi kilichobaki, kisha huitangaza na kuilipa kwa Kurugenzi Kuu ya Kodi, yaani DGI, kabla ya kupita tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Siku hizi tangazo hilo ni la pamoja, kwa kuwa karatasi moja hubeba kodi ya mishahara, michango ya Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, inayojulikana kama CNSS, pamoja na michango ya mwajiri kwa taasisi za mafunzo ya kazi na ajira.

Kutokana na mpangilio huo, mfanyakazi wa kawaida wa Kongo hajazi tamko la kodi la mwaka, lile ambalo Watanzania na Wakenya huliita ritani, na kwa hiyo hana ukurasa wa kuandika kwamba mwezi wa Machi alikuwa mgonjwa na kwamba sehemu ya fedha alizopokea haikupaswa kutozwa. Mhasibu humwandikia kila kitu. Uamuzi wa kisheria kuhusu aina ya malipo hufanyika mara moja tu, pale mstari wa malipo unapowekwa upande wa mapato yanayotozwa au upande wa mapato yaliyosamehewa, na mara nyingi hufanywa na mtu ambaye hajawahi kukutana na mgonjwa wala kukiona cheti cha daktari.

Njia ya kwanza ya malipo ni ile ya ugonjwa wa kawaida, pamoja na ajali iliyotokea nje ya kazi. Sheria ya Kazi, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa na Sheria namba 16/010 ya tarehe 15 Julai 2016, inauhesabu ugonjwa kuwa sababu ya kusimamisha mkataba bila kuuvunja, na inamtaka mwajiri aendelee kumlipa mfanyakazi thuluthi mbili za ujira wake wa fedha pamoja na posho zote za familia katika muda huo wa kusimama. Kwa mjamzito, ambaye sheria inampa majuma 14 ya likizo ya uzazi, kipimo ni hicho hicho cha thuluthi mbili. Kongo haina mfuko wa bima ya ugonjwa unaochukua mzigo huo badala ya mwajiri wa kampuni binafsi. Fedha hutoka kwenye hazina ya mwajiri mwenyewe, na hapo ndipo asili yake kikodi inapoamuliwa.

Sheria hiyo ya Kazi, inapoeleza ujira ni nini, inataja waziwazi kwamba ndani yake zimo fedha ambazo mwajiri hulipa katika kipindi cha kutoweza kufanya kazi na katika kipindi kinachotangulia na kufuata kujifungua. Maelezo hayo yanafunga mlango kwa wanaodhani kwamba malipo ya ugonjwa ni zawadi au msaada, kwa sababu kisheria ni ujira kamili, na ujira ndio kitu chenyewe ambacho kodi ya mwaka 1969 inakitafuta. Gharama za matibabu ni jambo jingine: mwajiri anawajibika kumtibia mfanyakazi na familia yake, na matibabu hayo hayamo katika ujira wala hayatozwi kodi yakiwa ni gharama halisi. Kwa hiyo mfanyakazi huyo huyo, katika mwezi huo huo, anaweza kuwa na thuluthi mbili zinazotozwa na bili ya hospitali isiyotozwa, na mhasibu anayezijumlisha katika mstari mmoja anamdhulumu hata kama hakukusudia.

Njia ya pili ni ajali ya kazini na ugonjwa unaotokana na kazi. Hapa mlipaji ni CNSS, ambayo inaendeshwa chini ya Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016, na ambayo ilichukua nafasi ya taasisi ya zamani ya INSS iliyoanzishwa mwaka 1961. Mchango wa jumla ni asilimia 18 ya ujira, ambapo asilimia 5 hukatwa kwa mfanyakazi kwa ajili ya pensheni, na asilimia 13 hutolewa na mwajiri: 5 za pensheni, 6.5 za familia na 1.5 za hatari za kazini. Asilimia hiyo moja na nusu ndiyo inayogharimia fidia ya kila siku, yaani malipo yanayohesabiwa kwa siku katika muda ambao aliyeumia hawezi kurudi kazini, kwa kipimo cha thuluthi mbili za wastani wa ujira wake wa siku. Siku yenyewe ya ajali hubaki juu ya mwajiri, na fidia huanza siku inayofuata. Majeraha yakipoa lakini yakaacha ulemavu wa kudumu, mambo huhamia kwenye pensheni au kwenye malipo ya mkupuo, nayo yana kanuni zake.

Amri-Sheria ya 1969 ina orodha ya mapato yaliyosamehewa kodi, na ndani yake zimo posho za familia zisizozidi viwango vya kisheria, pamoja na pensheni na fidia za wazee, wajane, yatima, walemavu na walioumia kazini. Fidia ya kila siku ya CNSS inaingia katika kundi hilo. Sababu yake inaeleweka, kwa kuwa fidia hiyo haimlipi mtu kwa kazi aliyoifanya bali inaziba pengo lililoachwa na madhara aliyoyapata akiwa kazini, na dola ingekuwa inajipinga yenyewe kama ingetoa kwa mkono mmoja na kuchukua kwa mwingine. Kinachosikitisha ni kwamba vipimo viwili, cha mwajiri na cha CNSS, vyote ni thuluthi mbili, na usawa huo wa hesabu unawafanya wengi waamini kwamba ni kitu kimoja.

Uzito wa kosa hilo unaonekana kwa mfano wa hesabu. Viwango vya kodi ya mishahara chini ya Amri-Sheria ya 1969 ni asilimia 3 kwa sehemu ya mapato ya mwaka isiyozidi franga 1,944,000, asilimia 15 kutoka hapo hadi 21,600,000, asilimia 30 hadi 43,200,000, na asilimia 40 kwa kinachozidi, ilimradi kodi yote isivuke asilimia 30 ya mapato. Kila mtegemezi hupunguza kodi kwa asilimia 2, na wategemezi wanaohesabiwa hawazidi 9. Kwa mwezi, fungu la kwanza linaishia franga 162,000. Mfanyakazi ambaye mapato yake yanayotozwa, baada ya kutoa mchango wa pensheni, ni franga 900,000 kwa mwezi, naye ana mke na watoto wanne, anadaiwa franga 115,560, ambazo baada ya punguzo la asilimia 10 huwa 104,004. Akiugua malaria kali au homa ya matumbo mwezi mzima, mapato yake hushuka hadi 600,000 na kodi yake hadi 63,504, na kodi hiyo ni halali.

Sasa mfanyakazi huyo huyo aangukiwe na jiwe kazini katikati ya mwezi. Nusu ya kwanza ya mwezi inamletea ujira wa franga 450,000, na nusu ya pili, kwa kurahisisha hesabu, inamletea fidia ya 300,000. Kodi sahihi ni ile ya franga 450,000 peke yake, yaani 48,060, na baada ya punguzo ni 43,254. Mhasibu anayezichanganya fedha hizo na kuzitoza kama mshahara wa 750,000 atakata 83,754. Tofauti ni franga 40,500 kwa nusu mwezi tu, na majeraha ya mguu uliovunjika hayaponi kwa nusu mwezi.

Mchanganyiko wa namna hiyo hauhitaji nia mbaya. Fidia ya CNSS ikichelewa, mwajiri mwenye huruma akamtangulizia mgonjwa kiasi kinacholingana nayo kwa matumaini ya kurudishiwa baadaye, fedha hizo hupita kwenye orodha ya mishahara ya kampuni, na programu ya mishahara, isipoelekezwa vingine, hukata kodi kwa kila kinachopita humo. Kwa upande mwingine, mwajiri ambaye hakuitangaza ajali kwa CNSS na kwa mkaguzi wa kazi, pengine kwa kuogopa maswali, humlipa aliyeumia kana kwamba ni mgonjwa wa kawaida, na kwa njia hiyo huigeuza fidia iliyosamehewa kuwa ujira unaotozwa. Katika hali hii ya pili hasara ni kubwa kuliko kodi, kwa sababu ajali isiyoandikwa leo ni pensheni isiyodaiwa kesho endapo mguu hautapona.

Katika Walikale, mahali ambapo kanuni hizi zina maana kubwa zaidi ni Bisie, mgodi wa bati wa Alphamin, ulioanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2019 na kuongezewa kiwanda cha Mpama Kusini mwaka 2024, na ambao ndio mwajiri mkubwa wa kisasa katika eneo lililojaa msitu na lenye barabara chache. Kuuzunguka mgodi wa aina hiyo huwapo wakandarasi wadogo wa ulinzi, chakula, ujenzi na usafirishaji, ambao Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inawatambua na kuwawekea masharti. Kwa kodi na kwa hifadhi ya jamii, mwajiri ni yule aliyetia saini mkataba wa kazi, si mwenye mgodi; hivyo dereva aliyeumia ndani ya uzio wa mgodi anapaswa kuulizia fidia yake na makato yake kwa mkandarasi wake, ambaye ofisi yake inaweza kuwa Goma, Bukavu au Kisangani, na ambaye pengine hulipa michango kwa wafanyakazi wachache kuliko alionao.

Vita vimeongeza swali jingine ambalo vitabu vya sheria havikulitarajia kwa ukubwa huu. Mwezi wa Machi 2025, waasi wa M23 walipokuwa wakiielekea Walikale-Kati, ambayo waliiteka tarehe 19 kabla ya kuondoka mwanzoni mwa Aprili, mgodi wa Bisie ulisimamisha shughuli zake tarehe 13 Machi na kutangaza kurejea kwa hatua tarehe 9 Aprili. Sheria ya Kazi inaitambua nguvu isiyozuilika, yaani tukio la nje lisiloweza kuepukwa na linalozuia kazi kwa muda, kuwa sababu ya kusimamisha mkataba, lakini ni sababu iliyo mbali na ugonjwa, na haibebi haki ile ile ya thuluthi mbili. Mtu aliyekuwa tayari kitandani kwa cheti cha daktari kabla ya kazi kusimama mahali popote pale kwa sababu ya vita ana hoja nzito ya kudai kwamba mkataba wake ulikwisha kusimama kwa ugonjwa, na kwamba haki iliyokwisha kuzaliwa haifi kwa tukio lililokuja baadaye. Katika hoja hiyo, tarehe ya cheti ina uzito kuliko maelezo yoyote.

Masisi ina sura tofauti. Huko waajiriwa wenye karatasi ya mshahara ni hasa walimu, wauguzi, watumishi wa utawala na wenyeji wanaofanya kazi katika mashirika ya misaada, huku wachungaji wa ng'ombe wa vilimani na vibarua wa mashamba wakiishi kwa makubaliano ya mdomo. Mtumishi wa dola yuko chini ya kanuni za utumishi wa umma na mfuko wake wa CNSSAP, si chini ya CNSS. Mfanyakazi wa shirika, kwa upande wake, analindwa na Sheria ya Kazi kikamilifu, na mgeni kuwa mwajiri wake hakumwondolei mwenyeji kodi wala haki ya fidia. Tangu Masisi-Kati ianguke mikononi mwa M23 mwanzoni mwa Januari 2025 na Goma mwishoni mwa mwezi huo huo, benki za Goma zikafungwa, na eneo hilo likawa chini ya utawala usio wa Kinshasa, njia ya kawaida ya tamko, malipo na risiti ilikatika kwa wengi. Mfanyakazi aliyeugua au kuumia katika kipindi hicho anahitaji kuwa na nakala zake mwenyewe za cheti cha hospitali, barua ya ajali na karatasi za mshahara, kwa kuwa hakuna ofisi moja inayoweza kuaminiwa kumtunzia zote. Sheria inamlazimisha mwajiri atoe mchanganuo wa maandishi kila anapolipa mshahara, na kuudai mchanganuo huo si utovu wa nidhamu.

Hata hivyo, umati mkubwa wa wanaovunjika mikono na miguu katika Masisi haumo ndani ya mfumo huu hata kidogo. Wachimbaji wa koltani wa Rubaya, ambayo M23 waliiteka tarehe 30 Aprili 2024, hawana mwajiri bali wana kiongozi wa shimo, koperative na mnunuzi, na Sheria ya Madini, iliyorekebishwa mwaka 2018, inamtaka mchimbaji awe na kadi na ajiunge na koperative bila kumfanya mwajiriwa wa yeyote. Shimo linapoporomoka, hakuna thuluthi mbili, hakuna fidia ya siku, na hakuna kodi ya mshahara kwa sababu hakuna mshahara. Lakini si kweli kwamba watu hawa hawalipi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria mwaka 2024 kwamba M23 walikuwa wakikusanya takriban dola 800,000 kwa mwezi kutokana na uzalishaji na biashara ya koltani ya Rubaya, na kila dola ya namna hiyo, iwe imetozwa kwa mnunuzi au kwa mbebaji, humfikia mchimbaji kwa njia ya bei ndogo. Ni dhuluma ya wazi kwamba mtu anayetozwa kiasi hicho hana hata franga moja iliyotengwa kwa siku atakayoumia.

Kinachowasaidia ni mifuko yao wenyewe. Vikundi vya kuweka na kukopa, vinavyoitwa AVEC kote Kivu, huwa na kisanduku cha mshikamano kinachochangiwa kidogo kidogo na kutolewa kwa aliyefiwa au aliyelazwa, na vyama vya afya vya mutuelle vimepewa msingi wa kisheria na Sheria ya Msingi namba 17/002 ya tarehe 8 Februari 2017. Fedha za kisanduku hicho ni msaada wa wanachama kutokana na akiba ambayo ni mali yao, na haziwi ujira kwa kuwa hazitoki kwa mwajiri wala hazilipi kazi.

Wazaliwa wa Masisi na Walikale waliohamishiwa Marekani kama wakimbizi, ambao wengi wao hufanya kazi za viwandani na maghalani, wanakutana na kanuni nyingine kabisa, na kuichanganya na ya nyumbani huwaletea hasara. Huko swali la kwanza ni nani aliyelipa ada ya bima ya kutoweza kufanya kazi kwa muda mfupi. Ikiwa ada ililipwa na mwajiri, au ilikatwa kwenye mshahara kabla ya kodi, mafao yanatozwa kodi ya mapato. Ikiwa mfanyakazi aliilipa mwenyewe kutokana na fedha zilizokwisha kutozwa, mafao hayatozwi. Na ikiwa walichangia wote wawili, ni sehemu inayotokana na ada ya mwajiri peke yake inayoingia kwenye tamko. Fomu ya W-2, ambayo mwajiri au kampuni ya bima huitoa kila mwanzo wa mwaka, huonyesha mafao yasiyotozwa katika kisanduku namba 12 kwa herufi J. Fidia ya ajali ya kazini, kama ilivyo Kongo, imesamehewa. Tofauti kubwa ni kwamba mfanyakazi wa Marekani ana tamko lake mwenyewe, lenye saini yake, na kosa la mwajiri linaweza kurekebishwa kwa kuomba fomu iliyosahihishwa kabla au baada ya kuliwasilisha.

Kongo ilitunga mwaka 2023 sheria ya kodi ya mapato ya watu binafsi, inayokusudia kuuondoa mgawanyo wa mafungu wa mwaka 1969 na kumtazama mlipakodi kama mtu mmoja mwenye mapato ya aina mbalimbali. Mageuzi hayo yatamfaa mgonjwa wa Masisi na Walikale kwa kiwango kile tu ambacho kanuni za utekelezaji zitawalazimisha waajiri kutenganisha, katika tamko la pamoja na katika karatasi ya mshahara, mstari wa ujira wa wakati wa ugonjwa na mstari wa fidia ya CNSS iliyotangulizwa, huku tarehe ya cheti na namba ya taarifa ya ajali zikiandikwa kando yake. Utenganisho huo hauhitaji fedha mpya kutoka hazina ya dola. Ungemwezesha mkaguzi wa DGI kuona ni nini kilichosamehewa na kwa nini, ungemwezesha mkaguzi wa kazi kugundua mwajiri anayeficha ajali ndani ya safu ya magonjwa, na ungempa mfanyakazi aliyelazwa kitu cha kuonyesha anapouliza kwa nini makato ya mwezi huo ni makubwa kuliko yanavyopaswa kuwa.